Makapu Kumi, Bajaji Moja

Mwanzoni mwa 2020 shemeji yangu wa Paje alikuwa na vyumba sita vya wageni, Noah mbili za kubeba watalii, boti ya kuwapeleka kuona pomboo, na duka la viungo na vinyago kando ya barabara. Alijivunia mpango wake. "Mie sina presha, shemeji," aliniambia tukinywa kahawa barazani kwake. "Meza yangu ina miguu minne. Mmoja ukivunjika, mitatu inabaki." Machi ndege zikaanza kukatika, na Aprili safari za abiria kutoka nje zikasimamishwa kabisa. Vyumba vikabaki vitupu, Noah zikalala chini ya mwembe, boti ikavutwa juu ya mchanga, duka likatiwa kufuli. Miguu yote minne ilikuwa mizima. Sakafu ndiyo iliyoondoka.

Shemeji hakuwa mzembe. Alifanya kile anachofundishwa kila mtu katika semina za ujasiriamali, vipindi vya redio na vikao vya VICOBA: usiweke mayai yote kwenye kapu moja. Msemo huo sasa umekuwa kama dua ya kufungulia kikao. Mwezeshaji akishautamka watu hutikisa vichwa, kisha inafuata orodha: chukua hisa kidogo, nunua vipande, tafuta kiwanja, ongeza bodaboda, fungua fremu. Mwishoni kila mmoja anahesabu alivyo navyo, na mwenye saba anamwonea huruma mwenye vitatu.

Hesabu hiyo ni potofu, na imewagharimu watu wengi walioiamini kwa nia njema. Gawa mayai yako katika makapu kumi, kisha yapakie makapu yote kumi kwenye bajaji moja. Dereva akikata kona vibaya pale Ubungo, kugawa kwako kumekusaidia nini? Idadi ya makapu hainiambii lolote mpaka nijue yamepanda chombo gani.

Jambo hili limeshapigiwa hesabu zamani. Mwaka 1952 Harry Markowitz, kijana aliyesomea uchumi Chicago, alichapisha makala fupi ambayo baadaye, mwaka 1990, ilimpatia Tuzo ya Nobeli. Alionyesha kuwa kuyumba kwa mali yote ya mtu kunatokana na mambo mawili: namna kila kipande kinavyoyumba chenyewe, na namna vipande vinavyofuatana. Huko kufuatana kuna namba yake, wataalamu wanaiita koreleshoni. Vitu viwili vikipanda na kushuka sambamba kabisa, namba ni 1. Kila kimoja kikienda zake bila habari ya mwenzake, ni 0. Kimoja kikipanda kila mwenzake anaposhuka, namba inaingia chini ya sifuri hadi kufikia −1.

Tuifanye hesabu yenyewe, kwa sababu wahubiri wa mayai hawaifanyi. Tuseme una uwekezaji ambao kipimo chake cha kuyumba ni asilimia 30 kwa mwaka. Unaogopa, unatafuta mwingine tisa wa kuyumba vivyo hivyo, na unagawa fedha zako sawasawa. Lakini yote kumi inafuatana kwa koreleshoni ya 0.6, kama biashara zinazotegemea wateja wa aina moja zinavyoweza kufuatana. Kuyumba kwa mali yako yote kutashuka kutoka 30 hadi 24. Ukijitahidi ukafikisha mia moja, utapata 23.3. Ukifika elfu, bado hutavuka chini ya 23. Sasa mchukue mwenzako aliyenunua vitu viwili tu, vya kuyumba vile vile, lakini visivyojuana, koreleshoni 0. Yeye yuko 21.2. Mwenye viwili analala vizuri kuliko mwenye mia. Sijui semina ngapi nimehudhuria, na sijasikia hata moja ikiitaja hesabu hii, ingawa haihitaji zaidi ya kikokotoo cha simu.

Ukishaipata hesabu, anza kuangalia mifuko ya watu. Yuko anayejisifu kuwa na hisa za benki nne tofauti. Benki nne ni majina manne, majengo manne na mikutano minne ya wanahisa yenye fulana za bure. Nchini Kenya, tarehe 24 Agosti 2016, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria iliyozuia riba ya mikopo isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Kalamu moja, karatasi moja. Hisa za KCB, Equity na Co-operative zikaanguka pamoja kwenye soko la Nairobi, na nyingine za sekta hiyo zikafuata. Soko halikusimama kuuliza ipi imekopesha kwa uangalifu na ipi imekopesha hovyo. Aliyekuwa na nne siku ile aligundua kwamba alikuwa na moja aliyoinunua mara nne.

Benki nne angalau zinafanana sura. Hatari zaidi ni vitu vyenye sura tofauti. Mfikirie mwalimu wa sekondari pale Morogoro. Ana mshahara. Ana michango ya pensheni. Ana akaunti ya muda maalumu benki, hisa za benki hiyo hiyo, vipande vya mfuko wa hatifungani, na hatifungani yake mwenyewe ya serikali aliyoinunua kwa kujinyima. Ukimhesabu kwa makapu ana sita, na mwezeshaji angempigia makofi. Sasa fuata kila shilingi inakotoka. Mshahara unatoka Hazina. Mfuko wa pensheni ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa hatifungani za serikali. Benki nayo inanunua hatifungani hizo hizo, na sehemu nzuri ya mikopo yake ni ya watumishi wanaokatwa mishahara inayotoka Hazina. Mfuko wa vipande jina lake linajieleza. Njia zote sita zinaishia kwenye ofisi moja Dodoma.

Hapo msomaji atanikatiza: serikali haishindwi kulipa kwa fedha yake yenyewe, kwa hiyo hilo si kapu, ni ghala la chuma. Waghana walikuwa wakisema hivyo. Desemba 2022 serikali yao iliwataka wenye hatifungani za ndani wazibadilishe kwa mpya, zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi wa kusubiri. Benki zikaandika hasara kubwa katika vitabu vya mwaka huo. Mifuko ya uwekezaji iliyojaa karatasi hizo ikashuka thamani, na waliotaka kutoa fedha zao wakakuta mlango mwembamba. Sarafu yao ya cedi ilikuwa tayari imeporomoka mwaka ule ule. Wastaafu walikwenda kuandamana kwenye wizara ya fedha jijini Accra, na Februari 2023 Jaji Mkuu mstaafu, Sophia Akuffo, alisimama nao. Yule aliyegawa akiba yake kati ya benki, mfuko na hatifungani alipigwa mara tatu na fimbo moja. Sisemi Tanzania inaelekea huko. Sina sababu ya kusema hivyo, na mimi mwenyewe ninazo hatifungani. Ninachokataa ni kuziita njia sita.

Wa pili kunipinga ni mtu wa viwanja. Huyu hana habari na soko la hisa. Kwake ardhi haishuki bei, kwa hiyo ukiichanganya na chochote umeshajikinga. Nimemsikia kila mahali, kuanzia Kigamboni hadi Bagamoyo, na kusema kweli ndiye mgumu kuliko wote kumjibu, kwa sababu hajawahi kuona bei ya kiwanja chake ikishuka. Hajaiona kwa kuwa hakuna mahali inapoandikwa. Hisa ina bei ubaoni kila siku ya kazi, ipende usiipende. Kiwanja kina bei siku mbili tu, ya kununua na ya kuuza, na miaka yote ya katikati bei yake ni maneno ya dalali. Thamani isiyopimwa huonekana imetulia, kama vile mtu asiyepima presha anavyojiona mzima. Jaribu kukiuza Januari, ada za shule zimewadia, biashara imelala, na majirani watatu nao wamebandika vibao vya "kiwanja kinauzwa" kwa sababu zile zile zako. Hapo utajua kama kilikuwa kinaenda zake au kilikuwa kinafuata mshahara na biashara ya mji mzima. Mnunuzi atakuwepo, lakini atakutajia bei ambayo hutawaambia watu nyumbani.

Wa tatu ni msomi, na kwake sina budi kukaza mkanda, maana ananikubali kwanza kabla ya kunipinga. Anasema: sawa, idadi si kitu, koreleshoni ndiyo kitu, na mimi ninayo. Amechukua bei za miaka mitano, ameziingiza kwenye programu, na jedwali limetoka limejaa namba ndogo ndogo karibu na sifuri. Kwa hiyo amejikinga, na amejikinga kisayansi.

Nina maswali mawili juu ya jedwali hilo. La kwanza ni la nyumbani. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998 na kampuni ya oksijeni ya TOL, bado lina kampuni zisizofika thelathini, na mauzo makubwa hufanyika kwenye hisa chache, za benki zikiwa mbele. Zilizobaki zinaweza kukaa siku kadhaa, nyingine wiki kadhaa, bei ikiwa pale pale kwa sababu hakuna aliyenunua wala kuuza. Ukiipima hisa iliyolala pamoja na hisa inayotembea, kikokotoo kitakwambia hazifuatani. Bila shaka. Maiti naye hafuatani na mtu yeyote. Sifuri hiyo haijatokana na kampuni mbili kuwa na hatima tofauti. Imetokana na moja kutokuwa sokoni. Siku habari mbaya itakapokuja na mwenye hisa zile akataka kuuza, bei itaruka ngazi zote kwa mkupuo, kuelekea kule kule walikokwenda wenzake.

Swali la pili ni kubwa zaidi, nalo liliwashinda watu waliotuzidi sote kwa hesabu. Long-Term Capital Management ilikuwa kampuni ya uwekezaji ya Marekani, na miongoni mwa washirika wake walikuwemo Myron Scholes na Robert Merton, waliotunukiwa Nobeli ya uchumi mwaka 1997. Walitawanya fedha zao, pamoja na mikopo mikubwa, katika nchi na masoko mengi. Majedwali yao yalionyesha dau hizo hazina undugu. Agosti 1998 Urusi ilisimamisha malipo ya madeni yake ya ndani, na katika wiki chache dau zisizo na undugu zikawa ndugu wa tumbo moja. Kampuni ilipoteza zaidi ya dola bilioni 4, na Septemba benki 14, zikiwa zimeitwa mezani na tawi la New York la Benki Kuu ya Marekani, zikachanga karibu dola bilioni 3.6 kuzuia isianguke na kuwaangukia wengine.

Ilikuwaje? Wenye kununua vitu hivyo tofauti walikuwa watu wale wale. Mmoja alipopata hasara Urusi na kudaiwa fedha, hakuuza kilichoharibika, kwani hakikuwa na mnunuzi. Aliuza kizuri. Wenzake wakafanya vivyo hivyo, na vizuri vyote vikashuka pamoja bila kosa lolote. Mwananchi wa kawaida anaijua hali hii kuliko anavyodhani: mgonjwa akiwa hospitali familia haiuzi fremu isiyo na mpangaji, inauza ng'ombe wa maziwa. Koreleshoni ya miaka mitano ya amani ni picha ya watu waliokaa sebuleni kila mmoja na kiti chake. Haikuonyeshi watakavyokimbia moto ukizuka, wala kwamba nyumba ina mlango mmoja.

Kwa hiyo nimewaondolea watu makapu, na sasa nimewaondolea hata jedwali. Wamebaki na nini? Wamebaki na swali lililotangulia yote mawili: ni tukio gani litakaloviangusha hivi vyote kwa pamoja? Swali hilo halina jibu moja, na hapa kisa cha karafuu kinafundisha kuliko kitabu chochote cha fedha nilichosoma.

Aprili 1872, Sultani Barghash akiwa mgeni kwenye kiti, kimbunga kilipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa. Pemba, iliyo umbali wa kilomita hamsini hivi upande wa kaskazini, ilisalimika kwa sehemu kubwa. Mwenye mashamba Unguja peke yake alifilisika. Mwenye shamba Unguja na jingine Pemba alipoteza moja, na lile lililobaki likapanda thamani, kwani karafuu zilikuwa zimeadimika duniani. Zao ni lile lile, mnunuzi yule yule, bandari ile ile; mhubiri wa mayai angemwambia mtu huyo kuwa ana kapu moja. Mbele ya upepo alikuwa na mawili, tena la pili lilinenepa kwa kukonda kwa la kwanza.

Sasa ruka miaka mia moja na kidogo. Mteja mkubwa wa karafuu za Zanzibar alikuwa Indonesia, anayezivuta kwenye sigara zake. Indonesia ikapanda mikarafuu yake mpaka ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Unguja ikaumia, Pemba ikaumia zaidi. Mashamba yale yale mawili yaliyokuwa wageni mbele ya kimbunga yakawa mapacha mbele ya soko. Ndiyo maana namchoka mtu anayeniuliza, "Je, hiki na hiki vinafuatana?" na kutaka nimpe namba moja ya kuweka mfukoni. Vinafuatana mbele ya nini?

Kuna watakaosema haya ni mambo ya Wazungu na masoko makubwa, sisi soko letu dogo halina pa kujigawa. Wachagga hawakusubiri Markowitz. Kihamba kiko juu mlimani, na ndizi na kahawa. Shamba la mahindi liko chini porini, kwenye mvua nyingine na udongo mwingine. Kahawa inauzwa kwa bei ya dunia, ndizi inaliwa nyumbani bila kumwuliza mtu bei. Mwaka ambao pori limekauka, mlima unaweza kuwa na maji. Hao walikuwa wanauliza swali sahihi bila kikokotoo. Mtu wa mjini ndiye aliyelisahau, akabaki anahesabu fremu tatu, zote Kariakoo, mpaka Mei 2023 wafanyabiashara walipofunga maduka kwa mgomo wa kodi, na fremu zote tatu zikafungwa asubuhi moja.

Nakubali jambo moja kwa wapinzani wangu, tena bila kinyongo. Kujigawa kuna gharama. Anayetawanya nguvu hupoteza ujuzi, na fundi mzuri wa magari anayejiingiza kwenye ufugaji wa kuku kwa kuwa tu kuku si magari anaweza kukosa vyote viwili. Namheshimu anayesema, "Nina kapu moja, nalijua, nalilinda, na likianguka nitajua nimeanguka kwa nini." Huyo amechagua. Wafanyakazi wa Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, hawakujua kama wamechagua: kampuni ilipofilisika Desemba 2001, zaidi ya nusu ya akiba yao ya uzeeni ya pamoja ilikuwa imewekwa kwenye hisa za mwajiri wao, kwa hiyo mshahara na uzee vilikwenda kwa pamoja. Mshahara nao ni uwekezaji, na kwa wengi wetu ndio mkubwa kuliko wote. Ajabu ni kwamba wengi hawauweki kwenye orodha ya makapu yao. Ukifanya kazi benki, hisa ya benki ndiyo ya mwisho unayoihitaji, hata kama gawio lake ni tamu na unauziwa mlango wa pili ofisini.

Watalii walirudi Zanzibar, na shemeji akainuka tena. Ni mchapakazi na Mungu hakumnyima. Noah moja ilikuwa imeuzwa kwa bei ambayo hapendi kuitaja. Juzi akanipigia, sauti imejaa furaha. Amejifunza, anasema, safari hii haweki kila kitu mahali pamoja. Amepata kiwanja Nungwi, anataka kujenga vyumba vinne.

"Kule ni kaskazini kabisa, shemeji, upande mwingine wa kisiwa. Si Paje tena."

Nikamwuliza wageni wa Nungwi wanashukia uwanja gani wa ndege.

Kimya kikapita, nikasikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Ule ule wa Kisauni," akasema.